Bunduki ya peintiboli inavuja gesi: nianze kutafuta wapi?

Swali: Fundi, salamu kutoka Nakuru. Nimenunua bunduki ya peintiboli (ule mchezo wa kurushiana risasi za rangi) iliyotumika, Tippmann 98 Custom, kwa mtu aliyekuwa na uwanja wa mchezo na sasa anauza vifaa vyake. Amenipa pamoja na mtungi wa CO2 wa aunsi 20. Nikifunga mtungi kwenye bunduki nasikia "sss" na sielewi inatokea wapi. Nikiuacha umefungwa jioni, asubuhi hakuna gesi. Tena nikifyatua mara moja, wakati mwingine inajifyatua yenyewe mfululizo mpaka niutoe mtungi. Fundi wa hapa mtaani anasema vali imekufa, ninunue nyingine nzima, na kuiagiza kutoka Marekani si bei ya mchezo. Nimfuate?

Jibu: Usiagize vali kwanza, ndugu yangu. Fundi wako huenda akawa na haki mwishowe, lakini ametaja dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Katika bunduki hii gesi inaweza kutoroka mahali kadhaa, na mahali panapovuja mara nyingi kuliko pengine pote ni oringi, yaani pete ndogo ya mpira ya kuzibia, iliyo kwenye mdomo wa mtungi, kitu cha shilingi chache. Kazi yako ya kwanza ni kujua gesi inatokea wapi hasa. Ukilijua hilo, kifaa cha kununua utakijua, na ukinunua kabla ya kulijua utakuwa unabahatisha kwa pesa zako.

Una bahati kwamba ni 98 Custom. Tippmann wa Marekani walianza kuuza Model 98 mwaka 1998, Custom ikafuata, na wenye viwanja wakaipenda kwa sababu haina betri wala waya, mwili wake ni alumini, na mtu mwenye funguo za alen anaweza kuifungua mezani na kuirudisha. Ya kukodishwa uwanjani huwa imechoka kweli, kwa maana imeshikwa na watu wengi wasioijua. Lakini kinachochoka ndani yake ni mipira ya kuzibia na springi, na vyote hivyo vinabadilishwa.

Kwanza tuelewane juu ya usalama, na hapa sina mzaha hata kidogo. Toa hopa, kile chombo cha juu kinachobeba risasi. Hakikisha hakuna risasi ya rangi iliyobaki ndani. Vaa barakoa yako ya mchezo, ile ngumu yenye kioo, hata kama uko jikoni kwako na huna mpango wa kufyatua. Funika mtutu kwa soksi yake, ule mfuko wa kitambaa wa kuzuia risasi, uivue tu pale nitakapokwambia. Na usitafute uvujaji kwa kidole. CO2 inayotoka kimiminika huunguza ngozi kwa baridi kama inavyounguza maji moto, na hewa yenye mgandamizo mkubwa inaweza kuingia chini ya ngozi kupitia tundu usiloliona. Tafuta kwa sikio, kwa povu la sabuni na kwa kipande cha tishu.

Sasa fuata njia ya gesi kwa akili kabla ya kuifuata kwa mikono. Gesi iko kwenye mtungi. Mtungi una vali yake yenye pini, na unapoukaza kwenye adapta iliyo chini ya mpini, pini inasukumwa na gesi inatoka. Oringi ya mdomo wa mtungi ndiyo inayoizuia isipite kando. Kutoka kwenye adapta inapanda kwa hosi mpaka kwenye vali ya bunduki, iliyo katikati ya mwili. Hapo inasubiri. Ukivuta kifyatulio, bolti ya nyuma, kipande cha chuma kinachoteleza ndani ya mwili, inarushwa mbele na springi, inagonga pini ya vali, vali inafunguka kwa muda mfupi sana, gesi inagawanyika: sehemu inakwenda mbele kusukuma risasi, sehemu inarudi nyuma kuisukuma bolti hadi inakamatwa tena. Shika picha hiyo, maana matatizo yako yote mawili yamo humo.

Mtungi peke yake

Anza na mtungi ukiwa umetolewa kwenye bunduki. Jaza, upime kwa mizani ya jikoni, andika uzito, uache mpaka kesho mahali pa baridi, upime tena. Mtungi wa aunsi 20 unabeba gramu 567 za CO2 ukiwa umejaa, kwa hiyo hata mizani ya kawaida ya kilo tano itaonyesha kama kuna kilichopungua. Uzito ukibaki vilevile, mtungi ni mzima na unavuja ukiwa kwenye bunduki tu. Ukipungua, umeshapata angalau sehemu ya jibu, na bunduki yako huenda haina kosa lolote. Ukitaka kuona kwa macho, tumbukiza upande wa vali kwenye ndoo ya maji utazame mapovu yanakotoka: kwenye pini, kwenye tundu la pembeni lenye kisahani cha usalama, au pale vali inapoingia kwenye chupa yenyewe.

Yakitoka mahali hapo pa mwisho, usijaribu kukaza. Mpelekee anayejua mitungi. Vali ya mtungi wa CO2 imekazwa kwenye chupa kwa nyuzi, na mtu anapofungua mtungi kutoka kwenye bunduki, vali ikiwa imelegea inaweza kubaki kwenye bunduki wakati chupa inazunguka na kutoka. Chupa yenye gesi ikiachana na vali yake inaruka kama roketi. Marekani watu wamekufa hivyo. Kinga yake ni rahisi na ningependa uifanye leo: chora mstari mmoja wa rangi ya kucha unaoanzia kwenye vali na kuendelea kwenye chupa. Kila unapofungua mtungi utazame. Vipande viwili vya mstari huo vikiacha kukutana, maana yake vali inazunguka. Acha kuzungusha papo hapo, toka mbele na nyuma ya mtungi, na usiutumie tena.

Wakati uko hapo soma maandishi yaliyogongwa kwenye chupa. Mtungi wa CO2 uliotengenezwa kwa kanuni za Marekani huwa na maandishi kama 3AL1800, yaani alumini, na kiwango chake cha kazi ni psi 1800 (psi ni kipimo cha mgandamizo). Nakuambia kwa sababu nimewaona watu wakitaka kuujaza hewa ya psi 3000 kwa kuwa adapta inaingia. Usikubali. Na mtu wa jua kali akikwambia atakujazia oksijeni ya kulehemu, ondoka hapo haraka: oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na tone la mafuta inawaka.

Oringi ya mdomo wa mtungi

Kama mtungi peke yake hauvuji, funga kwenye bunduki. Lakini koki kwanza. Vuta kishikio cha bolti nyuma mpaka kikamate, weka kizuizi cha usalama, ndipo ukaze mtungi. Nitaeleza sababu tukifika kwenye mtutu.

Sikiliza wakati unakaza. Sauti ikianza mara tu pini inaposukumwa, na inatokea pale mtungi unapokutana na adapta, umemkamata mwizi wa kawaida. Fungua mtungi, utazame oringi kwenye mdomo wake. Inaweza kuwa imekatika, imepasuka, imebonyea upande mmoja, au haipo kabisa, maana mara nyingine hubaki imekwama ndani ya adapta.

Saizi yake ni 015, ndiyo saizi ya mitungi karibu yote ya peintiboli. Kwa milimita, tundu lake ni 14.0 na unene wa mpira ni 1.78. Nenda nayo hiyo namba kwa wauzaji wa oringi na sili za mitambo ya haidroliki, Nairobi wako wengi Industrial Area na Barabara ya Kirinyaga, na Nakuru pia hutakosa. Watakupa nyeusi ya kawaida na inafanya kazi, ila kwa CO2 mimi hupendelea ya poliyurithini, ile inayopitisha mwanga, mara nyingi ya rangi ya asali. Mpira mweusi unanyonya CO2 ukiwa chini ya mgandamizo. Ukiuachia ghafla gesi iliyo ndani yake inataka kutoka, mpira unavimba, na usipovumilia unapasuka. Ndiyo maana utaona mtu anatoa mtungi, oringi imefura na haitaki kurudi kwenye kiti chake. Ya poliyurithini inastahimili zaidi.

Usikubali kupewa ya milimita 14 kwa 2 kwa maneno ya "ni karibu sawa." Itaingia kwa taabu, adapta itaibana na kuikata, nawe utarudi kudhani adapta ndiyo mbovu. Nunua kumi za saizi sahihi, ziweke kwenye mfuko wako wa mchezo.

Oringi hizi nyingi hazifi kwa uzee, zinauawa na namna mtungi unavyotolewa. Mtu akimaliza mchezo anazungusha mtungi kwa nguvu wakati hosi bado imejaa gesi, na oringi inatoka kwenye kiti chake chini ya mgandamizo. Fanya hivi badala yake: zungusha mtungi kama robo tatu ya mzunguko, kiasi cha pini kujifunga lakini oringi ikiwa bado imeziba. Elekeza mtutu mahali salama, vua soksi, fyatua mpaka gesi iliyobaki iishe na bolti iache kurudi. Ndipo utoe mtungi. Ukizoea hivyo, oringi moja inakaa muda mrefu sana.

Baada ya kuweka mpya, tazama pia uso wa ndani wa adapta pale oringi inapokaa. Bunduki ya uwanjani huwa imekula mchanga. Futa kwa pamba yenye spiriti kidogo na uangalie kwa tochi kama kuna mkwaruzo unaokatisha. Mkwaruzo ukiwa mrefu kwa njia ya gesi, hakuna oringi itakayoziba, badilisha adapta.

Hosi na maungio yake

Ukishaondoa kosa la mdomo wa mtungi, changanya matone machache ya sabuni ya vyombo kwenye nusu kikombe cha maji, chukua brashi laini, pakaza kila ungio: hosi inapotoka kwenye adapta, hosi inapoingia kwenye mwili. Subiri. Uvujaji mkubwa utarusha povu, uvujaji mdogo utajenga mapovu madogo meupe polepole, na huo mdogo ndio unaomaliza mtungi usiku. Kuna watu wanaangalia kwa sekunde tano na kusema hakuna kitu. Kaa dakika mbili tatu.

Nyuzi za maungio haya ni za bomba, robo ya nusu ya inchi, yaani 1/8 NPT, zenye mteremko, na haziwezi kuziba bila kitu kati yake. Fungua ungio gesi ikiwa imetolewa yote, safisha nyuzi kwa brashi ya meno mpaka uchafu na mabaki ya zamani yaishe, kisha zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili au tatu kufuata upande wa kukazia. Acha uzi wa kwanza bila tepu. Kipande cha tepu kikimeguka na kuingia kwenye njia ya gesi kinakwenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti cha vali, na hapo utakuwa umetibu uvujaji mmoja na kuzaa mwingine. Kaza kwa spana kwa kiasi. Ungio ni chuma, mwili ni alumini, na anayeshinda vita hivyo ni chuma.

Hosi ya waya wa kusuka ikivuja katikati haitengenezwi. Hakuna gundi, hakuna klipu. Nunua nyingine iliyotengenezwa kwa kazi hii. Hosi ya kompresa ya gereji si mbadala, kwani CO2 ikiwa nyuzi 21 iko karibu psi 850, na hosi za gereji hazikutengenezwa kwa kiwango hicho.

Gesi inayotoka mtutuni

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa, na nadhani ndipo fundi wako alipokimbilia.

Bunduki yako ikiwa haijakokiwa, springi kubwa inaisukuma bolti ya nyuma iegemee pini ya vali. Ukifunga mtungi katika hali hiyo vali inaweza kuwa imefunguka kidogo, na gesi yote inapita mtutuni kwa kelele. Anayeiona kwa mara ya kwanza anaapa vali imekufa. Koki, na kelele inakoma. Kwa hiyo jaribio la mtutu lina maana tu bunduki ikiwa imekokiwa.

Ikiwa imekokiwa na kizuizi kimewekwa, vua soksi, elekeza mtutu kwenye ukuta usio na mtu mbele yake, na uning'inize ukanda wa tishu karibu na mdomo wa mtutu ukiwa umesimama pembeni. Usichungulie ndani kamwe. Tishu ikitulia, vali inashika. Ikipepea, basi kuna gesi inayopita kwenye kiti cha vali, na sababu kubwa ni mbili. Ya kwanza ni uchafu: punje ya mchanga, kipande cha tepu, gamba la rangi iliyokauka. Ya pili ni kile kikombe kidogo cha plastiki ngumu kilicho kwenye pini ya vali, ambacho ndicho kinachoziba. Kikichoka kinaonyesha pete iliyochimbika au mkwaruzo unaokatisha pete hiyo.

Kabla ya kufungua chochote jaribu mafuta. Toa mtungi, dondosha matone matano hivi ya mafuta ya bunduki za peintiboli kwenye adapta, rudisha mtungi na ufyatue bila risasi mara kadhaa kuelekea mahali salama. Gesi inayabeba mafuta mpaka kwenye kila sili iliyo njiani. Bunduki iliyokaa stoo mwaka mzima mipira yake huwa mikavu, na nyingine hunyamaza kwa dawa hiyo tu. Sauti ikipungua bila kuisha, rudia siku inayofuata kabla ya kukata tamaa.

Mafuta yenyewe yachague vizuri. Ile dawa ya kopo la kupuliza inayotumika kulegeza bolti zenye kutu haifai, wala mafuta ya injini, wala Vaseline. Vinavyotokana na petroli vinavimbisha na kuozesha aina kadhaa za mpira, na mtengenezaji mwenyewe anakataza. Kama siku moja utahamia kwenye mtungi wa hewa, usitie tone lolote la mafuta kwenye chuchu ya kujazia. Hewa ikiingia kwa kasi na mgandamizo mkubwa inapata joto la kuweza kuwasha mafuta hayo ndani ya regyuleta, kifaa cha mtungi kinachopunguza mgandamizo.

Mafuta yakishindwa, fungua. Mtungi uwe umetolewa, gesi imetolewa, bolti imeachiwa mbele. Ilaze bunduki kwa ubavu juu ya taulo jeupe, ondoa mtutu na mpini inavyohitajika, fungua skrubu za mwili na uinue nusu ya juu polepole. Piga picha kabla hujagusa kitu. Kuna springi ndogo ya kifyatulio na ya kile kidole cha chuma kinachoikamata bolti, na ikiruka chini ya kabati utaitafuta kwa sumaku mpaka usiku. Kutoka nyuma kwenda mbele utaona kifuniko cha nyuma na pini yake ya kuongoza springi, springi kubwa, bolti ya nyuma, vali, bomba fupi la kupeleka gesi mbele, na bolti ya mbele. Fimbo nyembamba inaunganisha bolti mbili.

Toa vali, ifungue kwa utaratibu, na ukitazame kile kikombe kwenye mwanga. Kisafishe, safisha kiti chake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Usitumie kisu wala sandipepa kwenye kiti, mkwaruzo utakaouacha hautoki tena. Kikombe kikiwa kimechimbika, agiza kikombe chenyewe au seti ya matengenezo yenye oringi zote. Hapo ndipo utakuwa umetumia sehemu ndogo ya bei ya vali nzima. Unapoagiza taja kama yako ni 98 Custom ya kawaida, ya mfumo wa ACT (wa kuzuia risasi kukatwa na bolti), au Platinum Series, kwa sababu baadhi ya vifaa vya ndani vinatofautiana na muuzaji aliye mbali hawezi kuiona yako.

Vali nzima inanunuliwa pale tu kiti chake cha chuma kimeliwa au nyuzi zake zimekufa. Si jambo la kila siku.

Gesi ikitokea katikati ya nusu mbili za mwili, au karibu na kifyatulio, wala si mtutuni, kagua kwanza ungio la hosi na vali, kwani gesi ikitoka hapo hutembea ndani na kutokea mbali na ilikovuja. Kisha oringi za mwili wa vali. Povu la sabuni halisaidii sana ndani ya mwili. Sikio kwenye mrija mwembamba wa plastiki linasaidia zaidi: shika ncha moja karibu na sikio, nyingine itembeze juu ya mwili mpaka sauti iwe kali.

Kujifyatua mfululizo

Hili umeliandika kama tatizo la pili. Mimi nashuku ni tatizo lilelile. Kumbuka kwamba gesi inayorudi nyuma ndiyo inayoikoki bolti baada ya kila risasi. Gesi ikiwa dhaifu, bolti inarudi nusu njia, haifiki pale inapokamatwa, springi inairudisha mbele, inagonga vali tena, na tena. Mtungi ulio karibu kuisha unafanya hivyo hata kwenye bunduki mpya. Wewe ulikuwa ukifyatua kwa mtungi uliokuwa ukivuja. Kwa hiyo ziba uvujaji, jaza mtungi, upime uzito wake, halafu ufyatue. Kama tatizo limekwisha, usiliguse.

Kama limebaki na mtungi umejaa, tazama oringi ya bolti ya nyuma. Ndiyo inayozuia gesi ya kurudi isipotee kando. Ikikauka au ikikatika, uvujaji wake hausikiki bunduki ikiwa imetulia, kwa sababu gesi inapita hapo wakati wa kufyatua tu. Ipake mafuta, ikiwa imelika ibadilishe. Bolti ikiteleza kwa mkono bila ukinzani wowote, oringi hiyo imekwisha. Baada ya hapo ndipo utazame kile kidole cha chuma kinachoikamata bolti, na ukingo wa bolti kinapokamatia: kingo zikiwa zimekuwa duara, haziwezi kushikana, na zote mbili zinahitaji kubadilishwa.

Kuna jambo lingine, nalo ni baridi. CO2 inapogeuka kutoka kimiminika kuwa gesi inakula joto. Ukifyatua haraka haraka mtungi unapoa, mgandamizo unashuka, na bunduki nzima inaanza kujifyatua. Asubuhi ya Nakuru au Limuru inalizidisha. Iache ipumzike dakika chache, ikirudi sawa hakuna cha kutengeneza.

Joto nalo lina hatari yake. Kwenye nyuzi 31 mgandamizo wa CO2 unafika karibu psi 1070, na ndani ya gari lililofungwa juani unapanda zaidi, hasa mtungi ukiwa umejazwa kupita kiasi. Kisahani cha usalama kitapasuka na kumwaga gesi yote ndani ya gari. Anayekujazia awe na mizani, ajaze kwa uzito, na akikwambia anakadiria kwa mkono, tafuta mwingine.

Ukimaliza matengenezo, usiende kucheza moja kwa moja. Kikombe kipya cha vali au springi mpya hubadilisha kasi ya risasi. Pima kwa kronografu ya uwanjani, kifaa cha kupimia kasi hiyo. Kikomo cha kawaida ni futi 300 kwa sekunde, karibu mita 91, na viwanja vingi vinataka 280. Skrubu ya kasi iko ubavu wa kushoto. Ukiizungusha kuingia, kasi inapungua. Fanya robo mzunguko, pima, robo nyingine, pima.

Na kama una mpango wa kucheza mara kwa mara, weka akiba ya kununua mtungi wa hewa iliyogandamizwa. Una regyuleta yake, hauyumbi kwa baridi, mipira inadumu, na geji inakuonyesha uvujaji: andika namba, subiri nusu saa, soma tena. Wanaojaza mitungi ya wazamiaji pwani wana kompresa zinazofaa, na ukipata aliye karibu nawe umepona. Huo usiufungue mwenyewe hata ukivuja kwenye tundu la regyuleta, mpelekee fundi wa mitungi. Mtungi wa psi 3000 ni bar 207, wa 4500 ni bar 310; mjazaji aone maandishi kwanza, pamoja na tarehe ulipopimwa mara ya mwisho kwa mgandamizo wa maji. Chupa za alumini za kanuni za Marekani hupimwa kila miaka mitano.

Unapoununua uliza unatoa psi ngapi kwenda kwenye bunduki. Wa kawaida hutoa kati ya 800 na 850, na ndio unaokufaa. Ipo mitungi inayotoa kama 450 kwa ajili ya bunduki za umeme. Ukipewa huo, urudishe. 98 Custom yako itaanza kujifyatua upya, nawe utaifungua kutafuta oringi mbovu ambayo haimo.